Hatua Nane Kabla ya Lango

Jumatatu, 4 Novemba
Meneja mpya, Bwana Pascoe, katangaza: ua wa michongoma wa malisho ya chini utakatwa kwa mashine. Trekta Ijumaa. Mzee Wilf akaomba siku nne aulaze kwa mkono hadi langoni, hatua mia moja na ishirini. Anastaafu Krismasi, na ua huo aliulaza mara ya kwanza na baba yake. Pascoe kakubali — nadhani hajui hatua hizo ni umbali gani. Wilf naye hakumfafanulia.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua. Kulaza ua ni hivi: unakata shina karibu lote, unabakiza ganda na uzi wa mti, kisha unalilaza kuelekea mlimani, lichipue upya. Mimi nimelaza moja kuelekea bondeni. Miaka kumi na tisa kazini! Wilf alivua kofia, akainamisha kichwa kama tuko mazikoni.

Jumatano, 6 Novemba
Tumefika hatua themanini na tano. Miiba hadi kwenye keki ya tangawizi.

Alhamisi, 7 Novemba
Saa sita mchana, zimebaki hatua nane. Nikafukua majani chini ya shina — kiota, mviringo kama chungwa. Ndani yake kapanya ka rangi ya dhahabu, wale wanaolala tangu sasa hadi Mei. Mkia kauzungusha usoni kama skafu. Kanakoroma!

Sheria ya kumlinda haina mzaha: ukimkuta, kazi inasimama, ya mkono na ya mashine. Ua umeokoka na trekta. Ila Wilf hatafika langoni.

Nikamwambia tumruke tu, nani atajua?

"Wewe, Nesta. Na wewe hunyamazi hata ukila."

Akafuta panga lake, akalitia kwenye mfuko wake wa gunia.

Pascoe kaja mbio: trekta imewahi siku moja, iko barabarani, mbona tumekaa?

"Punguza sauti, bwana," Wilf akasema. "Kuna mtu amelala."

Naandika nikiwa juu ya lango. Pascoe kapiga magoti topeni mbele ya kiota, dakika ya kumi hii. Dereva kapiga honi. Pascoe, bila kugeuka, kampungia mkono azime injini. Sasa anamnong'oneza Wilf kuhusu zile hatua nane: Oktoba ijayo, kabla hawa hawajalala, ana shughuli?

Wilf anasema itabidi aangalie kalenda yake.

Hajawahi kuwa na kalenda huyu.