Nimeshiba, Nilimwambia Mama Kulwa

Jumamosi jioni, Katandala

Upepo wa mwezi wa sita umevuma Sumbawanga tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye kurasa za Biblia. Umeme umerudi sasa hivi. Naandika nikiwa nimejifunika khanga mbili, na si kwa sababu ya baridi tu.

Leo nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi ya uinjilisti.

Wengi mnaopita kwenye blogu hii ni washarika wenzangu, na mnajua ninavyopenda kuandika habari za mfungo. Basi someni na hili. Tangu katikati ya wiki nimekuwa nafunga mchana kutwa, kujiandaa kwa safari ya kijiji kile cha njia ya Namanyere. Niliomba kwa machozi Mungu anipe kibali kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni Msukuma. Yeye na mumewe walihamia pale na ng'ombe wao, wakapewa eneo, wanalima na kuchunga. Wanawake wa kijiji, Wafipa kama mimi, wanamsalimia vizuri tu, lakini chakula chake hawaonji. Wanasema kina dawa. Masika yaliyopita alijifungua peke yake, mumewe akiwa machungani, na hakuna jirani aliyevuka uwanja kwenda kumshika mkono.

Safari iliyopita aliniambia, "Dada, wewe wanakuamini. Nitapika, niwaalike. Wakikuona umekula, na wao watakula."

Nikamkubalia. Kisha nikaenda kufunga kwa ajili ya mwaliko wa kula! Kichekesho chake nakiona sasa, na sicheki.

Leo walikuja. Bibi Salome, mkubwa wao, nilimpigia goti na kumwamkia shikamoo, akaniketisha kando yake mkekani. Kulikuwa na kuku mzima, ugali, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Mama Kulwa alipitisha maji ya kunawa akianzia kwangu, maana mgeni ndiye anayemega tonge la kwanza. Kisha mikono yote ikatulia, macho yote yakawa kwenye vidole vyangu.

"Karibu, dada."

"Nimeshiba, dada. Nyinyi kuleni tu."

Nimeshiba! Na tumbo lilikuwa linanguruma.

Bibi Salome alifuta mikono yake kwenye khanga, taratibu. "Basi na sisi tumeshiba, mwanangu," akasema. Mmoja akakumbuka chungu alichokiacha motoni, mwingine akakumbuka mtoto. Mkeka ukabaki na mimi na Mama Kulwa, na kuku ambaye hakuna aliyemgusa.

Ningeweza kusema nimefunga. Ningeweza hata kufungulia palepale, wala Mungu asingekasirika. Njiani nilijifariji kwamba Bwana alitutaka tufunge kwa siri. Lakini hapa sitaki kujidanganya. Nilipoona chakula kile, nilishukuru moyoni kwamba nina mfungo wa kujificha nyuma yake. Namtembelea Mama Kulwa tangu mwaka jana na sijawahi kula kwake hata siku moja. Mara nawahi basi, mara tumbo linanisumbua. Yale wanayoyasema wenzangu, na mimi nayaamini.

Nahubiri damu ya Yesu, halafu naogopa kuku.

Mama Kulwa hakunisema. Alitia nyama kwenye bakuli la mfuniko, akalifunga kwa kitambaa, akanipa. "Utakula ukisikia njaa," akasema, na hakunitazama. Nimelipakata kwenye basi mpaka stendi.

Jua lilipozama nimelifungua. Nimekula. Amekaanga kwa samli, chumvi imekolea, na nyama imelainika vizuri. Nimelia huku natafuna.

Ndipo nikagundua kwamba mlango nimeukomea kwa ndani. Nimemkana mbele ya watu, nikaja kula chakula chake mahali ambapo hakuna anayeniona.

Bakuli nimeshaliosha. Kesho nilipangiwa kuhubiri. Nitamwomba mchungaji anitafutie mtu mwingine, kwa sababu sina la kuwaambia watu. Nitapanda basi la asubuhi. Nitapita kwanza kwenye bomba la maji, pale wanawake wanapopanga ndoo, nimwambie Bibi Salome mbele ya wenzake kwamba nilidanganya, kwamba niliogopa, na kwamba nyama ile nimeila yote na niko mzima. Nitawaomba tuongozane. Wakikataa, nitakwenda peke yangu, nikae kwenye mkeka uleule, nimwambie Mama Kulwa kwamba nina njaa.

Sijui kama atanipikia tena.