Ilunga, Ufalme Wako wa Ngolanga Bado Umesimama

Ilunga, rafiki yangu,

Nimekalia kiti chako. Nakuambia hilo kabla ya salamu, maana najua ungetaka kujua nani ameshika meza. Ni mimi, Zaina. Kila Jumapili mchana, kwenye baraza la mama yako hapa mtaani Kamalondo, tunaitandaza ramani yako, watu wanakaa kuizunguka, na mimi ndiye ninayewaambia mvua inanyesha wapi na adui ametokea upande gani.

Watu wakiniuliza huu ni mchezo gani, bado napata taabu kueleza. Si karata, wala si ludo, ingawa dadu tuliitoa kwenye ludo ya watoto wa jirani. Hakuna anayeshinda. Mmoja anasimulia nchi, wengine kila mmoja anakuwa mtu wa nchi hiyo na kusema anafanya nini. Pale ambapo hakuna ajuaye jambo litaishaje, dadu inarushwa. Wewe ulisikia habari zake kwa yule mwalimu mgeni wa chuo kikuu, aliyekueleza harakaharaka baada ya somo kwamba kwao wanafunzi wanacheza hivyo mpaka wanasahau kula. Muda si muda akarudi kwao. Mengine yote uliyatunga mwenyewe, umelala kitandani, ule ugonjwa wa damu uliozaliwa nao ukikutafuna magoti.

Na ulichotunga kilikuwa kikali. Katika Ngolanga kila mtu ni askari. Mtoto anapewa cheo siku jino lake la kwanza linapong'oka. Mwoka mikate ni sajenti wa mikate. Mkunga ni kapteni, na kama mtoto aliyempokea ni wa kanali, anampigia saluti hata kabla hajamfuta damu. Harusi ni amri kutoka juu. Mfalme havai taji, anavaa kofia ya vita ya shaba, na hakuna aliyewahi kumwona akiivua. Tena lugha yao haina neno la kukataa. Ukipewa amri, jibu ni moja tu: "Nimesikia."

Nilikushangaa. Wewe, ambaye shuleni ulikuwa unaachwa ukae kivulini wakati sisi tunapanga mistari asubuhi na kuimba, ndiye uliyekwenda kutunga nchi ya gwaride. Nilipokuuliza ulinijibu huku unachonga penseli: "Nataka kuona muntu anafanya nini kama iko na amri juu ya kichwa. Pale njo namujua muntu."

Ukanipa ujenerali. Mimi, binti wa muuza vitenge, jenerali wa jeshi la kaskazini. Baba alipopata habari kwamba binti yake anakaa na vijana wa kiume wanarusha dadu, alikunja uso siku nzima. Sisi ni watu wa Maniema, Waislamu, nyumba ya sala, na dadu kwake ilikuwa kamari. Ulikuja dukani mwenyewe. Ulikuwa unatembea kwa shida siku hiyo, nakumbuka, ulijishika kwenye mlango. Ukamwambia pale hakuna wa kupata wala wa kupoteza hata senti. Baba akauliza: "Sasa munarusha ya nini?" Nawe ukasema: "Ili nisijipendelee miye mwenyewe, baba." Baba akakusukumia kiti. Jioni aliniambia, "Yule kijana ana adabu," na tangu hapo sikuzuiwa tena.

Halafu ikaja ile siku ya ramani.

Uliibandika ukutani, sebuleni, kubwa, yenye ngome na mishale ya kuonyesha jeshi linakopita, na majina ya majenerali kwa wino mwekundu. Jirani mmoja aliiona kupitia dirishani. Katika miaka hii, jeshi lingine lolote lisilo la serikali, hata la penseli, si kitu cha kutundika ukutani. Walikuja wanaume wawili wenye adabu nyingi, wakaibandua bila kuichana, wakatuchukua mimi na wewe mpaka kwenye ofisi moja mjini. Mkubwa wao alikuwa amevaa abakosi safi, ile suti isiyo na tai, kalamu mfukoni. Hakutuambia jina lake, tulimwita shefu. Aliikunjua ramani juu ya meza, akaweka kidole.

"Jenerali Zaina njo nani?"

"Ni miye, shefu."

Aliangalia kitambaa changu cha kichwa, akaangalia viatu vyangu vya plastiki. Sijui alikuwa amemtegemea nani. Nilimfikiria baba, na duka, na namna habari zinavyotembea. Wewe ulikuwa umekaa wima kabisa, na mimi peke yangu nilijua kwamba unapokaa wima namna ile ndipo maumivu yamekushika sawasawa.

Alitaka maelezo. Tulikwenda kumshambulia nani? Hawa tuliowaandika kuwa adui, watu wa chumvi, ndio nani hasa, na mji huu wenye kuta uko jimbo gani? Ulieleza, naye akauliza yaleyale tena. Mwishowe ukasema, kwa ile sauti yako ya mezani: "Shefu, kueleza itakuwa murefu. Tucheze kidogo, utaona mwenyewe."

Nilijua tumekwisha. Lakini yule mtu aliegemea nyuma, akatazama saa yake, akasema, "Haya."

Ukampa cheo cha luteni, mlinzi wa daraja la kamba. Ukamwelezea mto ulio chini, maji ya rangi ya udongo, ubaridi wa asubuhi, askari wake waliolala vibaya. Ukamwambia kwamba ng'ambo wametokea watu wa chumvi, wanakimbia vita, wanawake wenye mizigo na watoto mgongoni, nao wameshaanza kuvuka. Hapo tarishi akafika kutoka kwa mfalme: kata kamba. Kisha ukamgeukia kama ulivyokuwa unatugeukia sisi.

"Luteni, unafanya nini?"

Hakufikiri. "Amri ni amri. Ninakata."

Hukurusha hata dadu. Ulisema, "Kamba zimekatika," ukaendelea kusimulia polepole, bila kupandisha sauti wala kumlaumu: mzigo upi ulianguka kwanza, kitenge gani kilibaki kinaelea, nani kati ya askari wake aligeuza uso. Chumba cha pili mashine ya kupiga chapa ilikuwa inalia, ikanyamaza, na sisi wote tukasikia kwamba imenyamaza.

Shefu alitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Na kama ningekataa?"

"Kungekuwa bintu bingine, shefu."

"Basi tuanze tena pale ku daraja."

Nilikukanyaga mguu chini ya meza, Ilunga, ili ukubali. Nilikukanyaga kwa nguvu. Nawe ukasema: "Shefu, mu Ngolanga haturudie."

Sijawahi kuona mtu mzima akitazama karatasi namna ile. Mwishowe aliikunja ramani, akaitia ndani ya droo, akaifunga. "Muende," akasema. "Muchezee ku nyumba. Hii karte inabakia hapa." Hatukuitwa tena, na hakuna aliyekuja kumsumbua mama yako.

Nje ulikaa kwenye ngazi kwa sababu magoti yalikataa. Nikafikiri unalia, kumbe unacheka. "Zaina, alisahau kama ni muchezo," ukasema. Teksi tuliyopata ilinuka samaki wa Kasenga, dereva alikuwa amemchukua mfanyabiashara na magunia yake, na wewe ulicheka njia nzima mpaka Kamalondo. Wiki iliyofuata ulichora ramani nyingine kwa kumbukumbu. Ngome ya kusini ilitoka kubwa kuliko ya zamani, na ulisema ndivyo inavyotakiwa, vita vimeendelea.

Niandike sasa juu ya mwisho, kwa kifupi, maana wewe ulikuwepo.

Jumapili ile ya mwisho jeshi letu lilikuwa limeuzunguka mji wa watu wa chumvi. Mfalme alituma amri kwa Mwamba, rafiki yetu wa benki, uliyemfanya kapteni wa mbele: choma ghala zao za nafaka. Mwamba, unavyomjua, mtu wa kupima kila jambo, alisema, "Nitajibu dimanche ijayo." Jumapili hiyo iliyofuata mvua ilikuwa kubwa, maumivu yakakupanda kifuani, na ulikuwa hospitali. Iliyofuata tena tulikuwa kwenye kilio chako, tumekaa chini, na mama yako amenyoa nywele.

Ilunga. Nilidhani nitaweza kuandika zaidi hapa.

Kabla ya kwenda makaburini Mwamba alikuwa ameikunja ramani, anataka kuiweka ndani ya sanduku pamoja nawe. "Ilikuwa yake," alisema. "Tumuzike nayo." Nia yake ilikuwa njema na macho yake yalikuwa mekundu. Nilimnyang'anya mbele za watu. Nikamwambia: "Hapana. Weye haujajibu amri." Wajomba zako wakatutazama kama wendawazimu.

Tulianza tena baada ya matanga. Nilimwomba mama yako ruhusa ya kutumia baraza, akaitikia kwa kichwa tu kwamba sawa, akaingia ndani. Tulikuwa Mwamba, mimi, na wanafunzi wawili wa chuo waliowahi kusikia sifa zako. Jenerali wangu nilimpa mmoja wao, msichana kutoka Kipushi, kwa kuwa anayeshika meza hawezi kuwa na mtu wake. Nilikaa kwenye kiti chako na nikasema maneno ya kwanza: asubuhi, ukungu, kuta nyeupe za chumvi. Nilisikia sauti yangu ni nyembamba. Nikaendelea hivyohivyo.

"Kapteni Mwamba, amri ya mfalme iko mkononi mwako. Unafanya nini?"

Mwamba alitazama ramani. Akasema, "Nimesikia." Nikamwuliza:

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Nimesikia. Ninasimama hapa."

Ulimwelewa, sivyo? Mimi ilinichukua muda. Lugha uliyowapa haina neno la kukataa, basi alisema lile lililopo na asiinue mguu. Nikarusha dadu kuona kama askari wake watamfuata. Ikaanguka sita, na wewe ni shahidi yangu kwamba sikujipendelea. Kikosi chake chote kilisema "Nimesikia" na kikasimama. Msichana wa Kipushi naye akasimamisha jeshi la kaskazini. Mpaka leo mfalme anatuma amri baada ya amri, matarishi wanachoka, na jeshi zima linajibu kwa heshima na halitembei. Baba yangu kila nikirudi Jumapili ananiuliza, "Mfalme amesema nini leo?" Nikimwambia, anatikisa mabega kwa kicheko na kurudi kwenye vitenge vyake.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu.

Mama yako, ulipokuwa hai, alitupikia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na kutuomba tusikuchoshe. Mchezo wenyewe hakuwahi kuuliza. Baada ya matanga alikuwa anatuachia baraza na kukaa ndani, pazia limeshuka. Jumapili iliyopita pazia lilisogea. Alitoka akifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda, akakaa kati ya Mwamba na msichana wa Kipushi. Aliitazama ramani kwa muda, mwandiko wako, wino wako mwekundu. Kisha akaniuliza mimi:

"Na miye? Niko nani mu inchi ya mutoto wangu?"

Nilimwambia, "Mama Ngoie, kule kila mtu ana cheo. Chagua unachotaka, hata ukanali, nitakupa."

Akakataa kwa mkono. Akaweka kidole juu ya mji wenye kuta, pale ambapo watu wa chumvi wamefungiwa na njaa imeanza. "Hapa ndani, nani anabapikia?"

"Hakuna mtu, mama. Hao ni adui."

"Basi njo miye."

Mwamba aliinamisha kichwa. Nilijua kazi yangu ni ipi, kwa sababu ulinifundisha kutomhurumia mchezaji kwa kumdanganya. Nikamwelezea kambi yetu, na njia, na chungu chake kichwani kikiwa bado cha moto. Nikamwambia kwamba langoni amesimama mlinzi wa mfalme mwenyewe, mtu wa chuma mtupu, mkuki umelazwa njiani, na kwamba amri yake ni kutopitisha hata panya. Nikashika dadu. Nikamwuliza anafanya nini.

Mama yako aliniangalia usoni kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Ninapita," akasema.

Niliiweka dadu chini, Ilunga. Sikuirusha.

Kwa hiyo pumzika. Kiti chako nitakikalia mpaka apatikane wa kunipokea, na ufalme wako sitaulainisha, utabaki mkali kama ulivyouacha, ili watu waendelee kujulikana humo. Jumapili mama yako atakuwepo, ameshatuambia tusianze bila yeye. Popote atakapotaka kwenda katika nchi ile na chungu chake, nakuahidi, hakuna mlinzi wangu atakayemzuia.

Kwaheri, ndugu yangu. Kule ndani ya kuta usiku ule walikula.

Wako,
Zaina