Maji ya Mama Namsifu

Jumatano, 1 Septemba 1954

Nimetoa mbuzi. Nimeinua majani ya mgomba yanayofunika kitalu. Nimehesabu. Miche ya kahawa mia tatu na kumi na miwili. Mingi bado imevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia, imesimama kama askari wa gwaride. Michache imefungua majani mawili ya kwanza.

Naandika nyuma ya daftari la hesabu. Chasu ndicho tunachoongea nyumbani lakini sijawahi kufundishwa kukiandika. Kiingereza changu ni cha kujibu maswali ya mwalimu. Kinabaki Kiswahili.

Niandike makubaliano nisije nikayasahau, ingawa siwezi kuyasahau. Baba alifariki Februari, nikatolewa shule. Barua ya mwalimu mkuu inasema nafasi yangu ya darasa la saba itanisubiri mpaka Januari tu. Baba mdogo akasema hivi: mwisho wa Novemba atakuja kuhesabu. Akikuta miche mia mbili imeshika, ataichukua kuitunza yeye na mimi nirudi shule. Isipofika mia mbili, nabaki nianze upya, kwa sababu mama hawezi kuachwa na shamba tupu.

Sikujibu. Huwa sijibu.

Ndani ya sanduku langu la bati la shule mama ameweka maharage.

Ijumaa, 3 Septemba

Leo tumepewa maji. Sikupenda namna tulivyoyapata.

Kiangazi hiki ndiva haijai vizuri. Ni bwawa la mawe na udongo walilolijenga babu zetu juu ya kijiji. Maji ya kijito hujikusanya usiku, asubuhi hufunguliwa, kila nyumba na siku yake. Siku yetu ni Jumanne. Baba mdogo amesimama mbele ya watu wote akaomba tupewe na siku ya pili, ya miche. Ameomba sana. Amemtaja marehemu baba. Mzee Kiondo, mgawa maji, akatazama huku na huku, akakata Ijumaa ya jirani yetu Mama Namsifu. Yeye alikuwa na siku mbili, sasa amebaki na moja. Ni mjane kama mama.

Mama Namsifu akasema, "Sawa. Maharage yangu hayajasoma, yatasubiri."

Watu wakacheka. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Vijana walinifuata mpaka kwenye mfereji. "Mwalimu, miche yako iko darasa la ngapi?"

Nimeyaingiza maji yote kitaluni. Maji ya kuombewa vile huwezi kuacha hata tone lipite.

Alhamisi, 16 Septemba

Kumi na mmoja imeanguka. Haikukauka, imelala tu. Shingo zake pale zinapotoka ardhini zimekuwa nyembamba kama uzi, rangi ya chai.

Nadhani ni jua. Nimeongeza majani ya mgomba juu, tabaka la pili.

Jumamosi, 18 Septemba

Mingine ishirini na saba. Nimesoma kijitabu cha Kiingereza alichoacha bwana shamba kwa baba. Nimekisoma mara tatu na maneno mengi nimeyaruka. Kinasema mche upewe maji ya kutosha. Hakisemi kutosha ni kiasi gani.

Nimeongeza ndoo mbili za kisimani.

Jumanne, 21 Septemba

Majivu kwenye shina, kama mama anavyofanya kwenye kabichi. Halafu mbolea ya mbuzi. Ilikuwa mbichi. Najua mbolea mbichi inaunguza, tulifundishwa, lakini nilikuwa na haraka.

Majani yamekuwa ya njano na kingo zimeungua.

Nikiwa shule nilikuwa wa tatu darasani.

Ijumaa, 24 Septemba

Maji ya Ijumaa. Yamesimama kitaluni mpaka adhuhuri. Mdogo wangu Nakiete ameweka jani juu yake, likaelea, akasema, "Kaka, tuweke na samaki." Nilimfukuza. Analia kwa urahisi, yule.

Jumatatu, 27 Septemba

Imebaki mia mbili na arobaini na mmoja.

Mama amesimama kando ya kitalu muda mrefu, mikono nyuma. Halafu akasema, "Hii si bure. Kuna mtu jicho lake halijaridhika."

Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja.

Mchana mama alikutana na Mama Namsifu njiani. Mama Namsifu akasalimia. Mama akajifunga kanga upya, akapita. Mimi nilikuwa nyuma yake na mzigo wa majani. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo sana, sijui kama iliitikiwa.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nimetoka alfajiri kushuka Same kumtafuta bwana shamba. Saa nne kwa miguu. Bonde lote vumbi na miiba, joto kama la jikoni. Ofisini karani akaniambia bwana shamba yuko safarini upande wa Gonja, nirudi baada ya wiki mbili.

"Una shida gani?"

Nikasema sina shida.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimetembea saa nne, nikaulizwa shida yangu, nikasema sina.

Nilikaa karibu na stesheni kupumzisha miguu. Treni ya Moshi ikapita. Kijana mmoja wa rika langu ametoa kiwiko dirishani, shati jeupe. Nilimchukia bila kumjua. Kisha nikaanza kupanda. Milima hii kutoka chini inaonekana kama ukuta, na mimi narudi ndani yake kwa miguu yangu mwenyewe.

Jumanne, 5 Oktoba

Leo nimefanya jambo nililopaswa kufanya mwezi uliopita. Nimeng'oa mche mgonjwa nikautazama chini. Mzizi ni wa kahawia, laini, unateleza kati ya vidole, ngozi yake inabaki mkononi. Unanuka kama maji ya mtungi uliosahaulika.

Halafu nikatazama kitalu chote kama mtu mgeni. Kwenye kona ya juu, karibu na lile jiwe kubwa, udongo umeinuka na maji hayafiki. Miche ya pale ni ya kijani kibichi, yote mizima. Chini ambako maji yanatuama imebaki mashimo.

Na ng'ambo ya ua, chini ya mibuni ya Mama Namsifu, kuna miche imejiotea kutokana na kahawa zilizodondoka. Hakuna anayeimwagilia. Imenona.

Basi ni maji. Ni mimi.

Imebaki mia mbili na kumi na minne. Bado ninaweza. Kinachotakiwa ni kufika kwenye ndiva Ijumaa niseme siyataki.

Ijumaa, 8 Oktoba

Sikusema.

Nilifika na jembe. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumanne. Baba mdogo alikuwepo, amesimama na wazee. Nikawaza: mtu aliyeomba mbele ya watu wote, leo mtoto wa kaka yake anayarudisha kama chakula kibaya. Mzee Kiondo akafungua. Akasema, "Haya, mwenye kahawa, maji hayo." Nikayafuata.

Nilijaribu kuyapitisha pembeni. Mfereji ni mmoja, kitalu kiko bondeni mwake. Mimi mwenyewe ndiye niliyekichimba pale ili maji yafike kwa urahisi.

Nimesimama nikayatazama yanaingia. Naandika hili ili lisifutike: nilijua, na niliyaacha yaingie.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mia moja na sitini na sita.

Hesabu ya shule imeisha. Nimeiua mwenyewe siku ya Ijumaa kwa kunyamaza.

Jumatano, 13 Oktoba

Moto umezimika jikoni asubuhi. Siku zote Nakiete huvuka ua kwa Mama Namsifu na kigae, anarudi na kaa la moto. Leo mama amemtuma mpaka nyumba ya bondeni. Mtoto amerudi na kaa limezima, akatumwa tena.

Mama anasema Jumapili baada ya ibada atalipeleka jambo hili mbele ya wazee wa kanisa. Atamtaja kwa jina. Anasema amevumilia vya kutosha, amefiwa na mume na sasa anauawa na miche.

Nilikuwa namenya ndizi. Niliendelea kumenya. Nimemenya mpaka zilizokuwa za kesho.

Mama Namsifu ndiye aliyekaa na mama siku tatu tulipofiwa. Ndiye aliyekuwa anatupikia.

Nikinyamaza, mama atasema uongo kanisani bila kujua ni uongo. Nikisema, Baba mdogo ataaibika, na kila mtu atajua ni nani aliyeua miche. Nimezunguka nyumba mara nyingi. Hakuna mlango wa tatu.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nimesema.

Mzee Kiondo alikuwa ameinama kuchomoa kizibo. Nikasema, "Shikamoo mzee. Maji ya leo siyataki."

"Sema kwa sauti, kijana. Bwawa halina masikio."

Nikarudia. Watu wakageuka wote. Nikasema miche haikuharibiwa na mtu. Imeoza mizizi kwa maji mengi, na mimi ndiye niliyeizamisha, Ijumaa baada ya Ijumaa, na ile iliyopita nilikuwa nimeshajua. Nikasema Ijumaa irudi kwa Mama Namsifu.

Halafu mmoja wa wale vijana akasema, "Mwalimu amezamisha kahawa mlimani, tena kiangazi." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata Mzee Kiondo.

Baba mdogo hakucheka. Alichukua fimbo yake akaondoka bila kunitazama.

Mama Namsifu alikuwa mwisho kabisa, amekuja na jembe ingawa hakuwa na zamu. Sijui kama alikuwa anakuja kila Ijumaa. Akapita mbele yangu, akageuza maji kwa mapigo mawili tu ya jembe, akayafuata kwenda shambani kwake. Hakunitazama.

Nilidhani nikisema nitajisikia mwepesi. Najisikia uchi.

Jumapili, 17 Oktoba

Mama alikuwa ameshasikia kabla sijafika nyumbani siku ile. Siku mbili hajanisemesha ila "kula" na "funga mbuzi."

Kanisani hakusimama. Tuliporudi alizima moto. Nimemwona kwa macho yangu, ameumwagia maji moto uliokuwa unawaka vizuri. Akachukua kigae akavuka ua mwenyewe.

Alikaa huko muda mrefu kwa kaa moja.

Jumanne, 26 Oktoba

Kitalu nimekiinua. Nimebeba udongo wa msituni na mchanga wa kijito, nimepanga mawe kuzunguka, maji ya mfereji hayawezi kuingia hata yakitaka. Nimeondoa tabaka la pili la majani, mwanga wa asubuhi unaingia. Namwagilia kwa kibuyu, na kabla ya hapo nachomeka kidole. Kikitoka na udongo umeshika, naacha.

Kuacha ni kugumu kuliko kumwagilia. Mkono unataka kufanya kitu.

Mia moja na sitini na mitatu. Siku nane haujaanguka hata mmoja.

Nafanya kazi hii vizuri sasa ambapo hainisaidii.

Jumatatu, 8 Novemba

Mama Namsifu amekuja na furushi la magome ya mgomba, udongo unadondoka. Ndani miche arobaini, ile iliyojiotea chini ya mibuni yake.

Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Hii kila mwaka naing'oa naitupa. Panda. Na usiinyweshe kama ng'ombe."

Nilitaka kusema mengi. Nikasema asante. Akasema maharage yake ya chini yalikufa, ya juu yamepona. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hiyo ndiyo iliyonichoma.

Nimeipanda mstari wa mwisho, mzizi mmoja mmoja umenyooka, sikukunja hata mmoja. Imechukua siku nzima.

Ndipo nikajumlisha. Mia mbili na mitatu. Nilijumlisha tena.

Jumamosi, 27 Novemba

Baba mdogo amekuja. Hatujaongea tangu siku ya ndiva. Amehesabu kwa ncha ya fimbo, polepole, midomo inacheza. Mama amesimama mlangoni.

"Mia mbili na mitatu."

Ningeweza kunyamaza. Nina kipaji cha kunyamaza. Nikasema, "Baba mdogo, mstari wa mwisho si wangu. Ni wa Mama Namsifu. Yangu ni mia na sitini na mitatu."

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

Akachuchumaa. Akagusa shina la mche mmoja wa mstari wa mwisho, kisha wa mstari wa kwanza. Akauliza najuaje siku ya kumwagilia. Nikamwonyesha kidole. Akachomeka chake, kikubwa, akakitoa akakitazama.

"Huu?"

"Huo unaacha."

"Na kesho?"

"Kesho unachomeka tena."

Alirudia mahali pengine, na pengine. Kisha akajifuta kidole kwenye suruali, akamuaga mama, akaenda zake. Hakusema lolote kuhusu shule. Nami sikuuliza.

Jumatatu, 29 Novemba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha asubuhi, kidogo, imekatika. Nimetoa mbuzi. Nimeinua majani ya mgomba. Maji yamepita katikati ya mawe, hayakutuama.

Niliporudi, maharage yalikuwa kwenye vyungu vitatu na kwenye kapu. Mama alikuwa anafuta sanduku langu la shule kwa kitambaa, ndani na nje, pembe kwa pembe. Akaliweka juani likiwa wazi. Nakiete akaingia akakaa ndani yake. Mama hakumtoa.

Nimekwenda kitaluni nikachomeka kidole. Udongo umeshika. Nimeacha.