Ngano Juu ya Kaburi la Bibi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze kusema na wewe bila salamu.

Siku ya uhuru, bendera yetu ilipopandishwa, ulinibeba mabegani hadi mjini Katesh. Ulicheza mpaka kiatu kimoja kikapotea. "Sasa ardhi ni yetu," ulimwambia kila tuliyekutana naye njiani, hata ambaye hakukuuliza.

Ilipokuja operesheni ya serikali ya kutukusanya vijijini, wengine walihamishwa kwa kuchomewa nyumba. Wewe ulihama kwa hiari. Ulibomoa nyumba yetu kwa mikono yako, ukawashawishi na majirani, kwa sababu uliahidiwa kwamba mashamba ya zamani yatabaki yetu na tutakuwa tunakwenda kulima. Mama aliuliza, "Na kaburi la mama mkwe?" Ukamjibu, "Nani atachukua kaburi?"

Msimu uleule matrekta yakaja. Shamba kubwa la ngano la serikali likameza mashamba yetu, malisho, na njia ya ng'ombe kwenda majini. Wewe uliyezoea kuacha ukanda wa majani kwenye mteremko ili udongo usikimbie, uliwatazama wakilima kutoka juu kwenda chini kama watu wenye ugomvi na mlima. Mvua za kwanza zikachimba korongo ambalo ndama hawezi kuliruka.

Ulikwenda kwa meneja wa shamba hilo, mimi nikiwa nyuma yako. Hakukupa hata kiti.

"Mzee, hii sasa ni ardhi ya taifa."

"Na mimi ni wa taifa gani?"

Akacheka, baba. Alicheka! Mpaka leo kicheko kile kinanichemsha damu.

Kaburi la bibi lilikuwa limeshalimwa. Uliingia kwenye ngano mchana kweupe, ukang'oa iliyoota juu yake, ukaanza kupanga mawe upya. Walinzi wakakufungia stoo kama mwizi. Walipokuachia ukarudi palepale. Safari hiyo hawakukugusa, maana majirani walikufuata, kila mmoja na jiwe lake, hata wale uliowashawishi wahame. Hakuna aliyekulaumu. Ulijilaumu mwenyewe, ukafa ukijilaumu, na hilo ndilo siwezi kuwasamehe watu wa shamba lile.

Wiki iliyopita watu wa shamba walikuja tena, hapa kijijini. Wanataka kupanua ngano, sisi tusogee kando ya barabara. Wakatuita wapinga maendeleo. Nikasimama mbele ya wazee, mimi mwanamke.

"Maendeleo ya nani? Mlichotunyang'anya mmekiharibu, sasa mnataka kilichobaki? Hatuhami."

Mwenyekiti wa kijiji akaniamuru nikae. Sikukaa. Mama akainuka na mkongojo wake, kisha jirani yake, kisha wengine, mpaka wageni wakabaki peke yao kwenye viti.

Wameondoka wakisema watarudi. Na waje. Watatukuta tunapalilia maharage.

Pumzika, baba. Hasira hii niachie mimi.

Binti yako wa kwanza