Sababu ya Gari la Baba Kuchemsha

Sapiwi, kwa Mzee Bujiku,
Wilaya ya Bariadi,
Simiyu.

Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Leonidas,

Mwadila, ndugu yangu. Nakuandikia mchana huu baada ya misa, Mama amejilaza kidogo chumbani. Hali yako huko Mtwara ikoje? Wifi yangu Winnie ameacha kukohoa? Na Amoni, meno ya mbele yameshaota? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama bado linamsumbua akiinuka, lakini sauti yake unaijua: akiita kuku, majirani wote wanageuka.

Pamba tumeshavuna nusu. Mvua ilikatika mapema, kwa hiyo shamba la bondeni limetoa kuliko la juu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwenye simu nimeshindwa kukueleza, maana kila nikitaja gari la Baba unasema mtandao unasumbua, halafu simu inakatika. Barua haikatiki. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ikibidi usimame katikati ukanywe maji.

Unajua gari lilikaa bandani tangu msiba wa Baba, miaka mitatu. Mwaka huu shemeji yako Mayige akasema Mama hawezi tena kupanda pikipiki kwenda kliniki Bariadi na goti lile, afadhali tulifufue. Likawaka vizuri. Lakini kila likitoka, linachemsha. Tena palepale lilipochemsha siku ile ulipokuwa unamkimbiza Baba hospitali, kwenye ule mwinuko baada ya daraja. Hapa nyumbani ukiliacha lingurume nusu saa, mshale wa joto hausogei. Likianza kupanda pale, mshale unaruka hadi kwenye wekundu, na mvuke unafumuka mbele usione barabara.

Mafundi watatu wa mjini walilishika. Wa kwanza alibadilisha kifuniko cha rejeta. Wa pili akaweka thamostati mpya. Wa tatu akaishusha rejeta nzima, akaizibua, akakagua feni na pampu ya maji, akaona vyote vizima. Gari likachemsha vilevile. Akasema injini imezeeka, tuuze vyuma.

Hapo baba mdogo Luhaga akasema lake. "Kaka hataki gari lake lipite pale. Mafundi hawana dawa ya hilo." Alitaka tufanye tambiko kwanza. Nikwambie ukweli, Leonidas, nilianza kuogopa kupita pale hata kwa miguu.

Mayige ndiye aliyesikia habari za fundi mmoja wa Lagangabilili, mwanamke, anaitwa Joyness. Alikuja Jumanne ya wiki iliyopita na begi lake la spana. Nilidhani atafungua boneti mara moja kama wenzake. Hakuigusa. Aliomba kigoda, akakaa, akaanza kutuhoji kama daktari.

"Linachemsha likiwa limesimama, au likitembea?"

"Likitembea," Mayige akajibu. "Hasa likipanda."

"Na likichemsha mnafanya nini?"

"Tunalizima, tunafungua boneti, tunatazama."

"Mnalizima kwanza?"

"Ndiyo. Si litaungua?"

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hakuna aliyewahi kuliona likiwa linaumwa. Wote mmeliona likiwa limeshapumzika."

Akasema twende kwenye mwinuko. Baba mdogo akakataa, akaeleza habari za kaka yake. Joyness alipiga goti kidogo kama binti wa kwetu, akamwambia, "Mzee, sibishani na wewe. Naomba twende wote, uwepo na wewe." Kwa heshima ile akakubali. Akapanda nyuma pamoja nami.

Tulipofika pale, mshale ukapanda kama kawaida yake. Joyness akapaza sauti: "Simama! Usizime!" Akaruka chini, akafungua boneti injini ikiwa inanguruma. Kifuniko cha rejeta hakukigusa, alisema maji ya mle yangemchoma uso. Alituita tusogee, tusiikaribie feni.

"Dada, tazama mpira ule wa chini, unaotoka kwenye rejeta kwenda kwenye injini. Ukoje?"

Niliuona. Mnene kama kifundo cha mkono wangu, mweusi, hauna ufa wala tone la maji.

"Mzima," nikasema.

"Shemeji, kanyaga mafuta. Ushikilie."

Injini ikapiga kelele, na mpira ule, Leonidas, ukaanza kunywea. Ukabonyea katikati, kuta zake zikagandana, ukawa bapa kama utumbo wa mbuzi uliokamuliwa. Hakuna mkono ulioushika. Ulijifinya wenyewe mbele ya macho yetu.

"Achia!"

Ukajaa tena. Mviringo, mzuri, kama vile hakuna kilichotokea.

Nilishika mdomo. Nimeona mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona kitu kinachoficha ugonjwa wake namna ile: dereva akikanyaga mafuta unaumwa, akinyanyua mguu umepona. Watu wazima na spana zao walikuwa wameuinamia miezi miwili, na macho yao yalikuwa mazima. Waliuangalia saa ambayo haukuwa na la kuonyesha.

Baba mdogo akasema, "Rudia." Mayige akakanyaga. Akasema tena, "Rudia." Mara tatu.

Gari lilipopoa, Joyness aliufungua mpira na kuupasua kwa kisu. Alitueleza kwamba ndani yake huwa kuna waya uliosokotwa kama springi, kazi yake kuuzuia usinywee pampu inapovuta maji kwa nguvu. Likinguruma taratibu nyumbani, pampu inavuta kidogo, mpira unastahimili. Likipanda, pampu inavuta sana, mpira unajifunga, maji hayafiki kwenye injini. Ule waya ulikuwa umeliwa na kutu. Alikung'uta, vikamwagika vipande kiganjani mwake kama njiti za kiberiti zilizoungua. Nilikuwa nadhani nitaona jambo kubwa, kumbe ni vumbi la kutu. Hilo ndilo lililokuwa limetutawala.

Sasa fika hapa taratibu, mdogo wangu.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara. Akauliza, bila kumtazama Joyness usoni: "Mwanangu, kuna kijana wetu aliliendesha hili gari likiwa na mgonjwa. Alikuwa na dumu la maji. Alisimama mara tatu, akazima, akafungua, akajaza maji. Tukasema hakuangalia gari kabla ya kutoka. Angeangalia, angeuona ugonjwa huu?"

"Hapana, mzee. Angekuta mpira mzima na maji yamejaa. Hata mimi, ningekuwa peke yangu barabarani na mgonjwa anakoroma nyuma, nisingeuona."

Baba mdogo aliomba ule mpira uliopasuliwa. Akaufunga kwenye leso yake.

Joyness alifunga mpira mpya wenye springi ndani, akajaza maji. Tukapanda mwinuko ule mara nne. Mshale ulikaa katikati, umetulia kabisa. Alhamisi Mama alikwenda kliniki akiwa amekaa mbele.

Jana ilikuwa kikao cha ukoo kuhusu mahari ya binti wa ndugu yetu Mhoja. Kabla mazungumzo hayajaanza, baba mdogo alisimama, akafungua leso mbele ya watu wote, akauweka mpira mezani. Akasema: "Kwenye msiba wa kaka yangu nilisema mbele yenu kwamba Leonidas alimuua baba yake kwa uzembe. Nilisema bila kujua. Kijana hakuwa na kosa. Nililisema hadharani, nalifuta hadharani." Kisha akaketi. Unamjua mtu yule. Sijawahi kumsikia akisema amekosea, hata kwa ng'ombe.

Na mimi nina langu. Siku ile ya msiba nilikaa kimya kwa sababu nusu ya moyo wangu iliamini. Ulipoondoka siku ya tatu na begi lako, nilikuona kupitia dirisha, sikutoka. Nisamehe, Leonidas. Dada mkubwa alipaswa kutoka.

Jioni nilimsimulia Mama kila kitu, mpira, waya, maneno ya baba mdogo. Nilitegemea atalia. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchicha. "Mimi nilikuwa najua bila mpira," akasema. "Mwanangu namjua."

Mayige anakusalimu, anasema kiti cha dereva bado kinakusubiri wewe. Mwanangu Milembe anamsalimu Amoni na kumtumia picha ya ndama. Baba mdogo anamsalimu Winnie kwa heshima zote. Mama anasema kula vizuri.

Mungu wa marehemu Baba akulinde unapolala na unapoamka, akuwekee mkono begani, akufungulie njia ya kuja huku siku utakayokuwa tayari. Wabeja sana kwa kusoma mpaka hapa.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, na niliyechelewa kukwambia,

Evalina Bujiku