Mikono Miwili ya Kushoto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini macho yamepata nafuu, na baba hatupi tena vidonge vyake vya presha. Mimi mzima, ila nimechoka uchovu usiotibika kwa usingizi.

Barua uliyomwandikisha jirani nimeipata. Unataka niache gazeti nije nirithi karakana yako ya ushonaji, kwa kuwa tundu la sindano hulioni tena. Ngoja kwanza.

Uchovu huu ulinipeleka hospitali. Daktari alipoona kimo changu kifupi, na kusikia kwamba sikuwahi kuvunja ungo, akanipima damu. Anasema wanawake wengi wana kromosomu mbili za X. Mimi nilizaliwa na moja. Wakanipa vibao vya rangi nivipange kama kwenye picha, nikashindwa kama mtoto. Kwenye maswali ya maneno niliwaacha hoi. Akasema kwa wenye hali hii si ajabu: ulimi mwepesi, lakini umbo likigeuzwa linapotea kichwani. Nilicheka, maana wewe ulishasema nina ulimi wa wakili na mikono ya kuazima.

Miaka yote hii nimewatoa jasho wakubwa kwa kalamu, na bado napotea kwenye korido za ofisi yangu. Sitaki kuonewa huruma. Anayeniita masikini nitamwandikia makala. Fimbo ulizonichapa kwa kukosea kukata kitambaa nazo nimezisamehe. Hukujua. Nani alijua?

Lakini unakumbuka gauni la harusi la binti wa mwalimu mkuu, lililokatiwa mikono miwili ya kushoto, na kitambaa kimekwisha? Ulimfukuza Vifungo, yule binti wa mjomba tuliyeshona naye. Alilia akisema si yeye, ukamwita mwongo. Mimi nilikuwa pale pale kwenye cherehani, nakunja pindo.

Nilikata mimi, Mama.

Daktari amenieleza kwa nini nilikosea mikono. Kwa nini nilinyamaza, hilo sikumuuliza, maana halimo kwenye damu. Na mkate wangu ni kuwasema wanaonyamaza.

Vifungo angali anabadilisha zipu kwenye kibaraza cha duka la watu. Karakana ni yake. Mimi sirudi kuiharibu.

Nisalimie baba na majirani. Najua huwezi kusoma, na jirani sikumtaka. Barua hii nimemtumia Vifungo, nikamwomba aje akusomee bila kuifungua njiani. Dada Vifungo, pole kwa kuyasoma haya kwa sauti. Mama, mpe kiti.

Mwanao,
wa mikono ya kuazima