Titi la Sponji

4 Juni

Mama, bibie wa moyo wangu,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje, bado unauma ukiinua? Mimi mzima, nazidi kupendeza, ukiniona utadhani nimeazima sura.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana shule niliikimbia kidato cha pili na herufi zako zimelala kama walevi. Eti daktari anataka jibu kabla ya tarehe thelathini: akutengenezee titi jipya, au ubaki hivyo hivyo baada ya lile walilolikata. Mama, mwambie hapana! Kisu tena cha nini? Huku kwenye karakana ya makochi mimi ndiye mfalme wa sponji. Fundi mkuu mwenyewe mto ukimpinda ananiita. Basi nimekukatia titi, nikalichonga kwa wembe, mkia wake unaelekea kwapani kama mwili ulivyo, nikalivika kitambaa laini. Lipachike ndani ya sidiria uone majirani watakavyochanganyikiwa. Hakuna sindano, hakuna dawa ya usingizi. Daktari atafute wengine.

Kitindamimba wako, fundi wa mafundi

13 Juni

Mwanangu mwenye maneno mengi,

Marahaba. Mkono sasa unafika kwenye kamba ya nguo, nashukuru. Je, unakula, au unashiba sifa?

Kifurushi kimefika. Dada yako amelibonyeza titi lako akasema kumbe una mkono wa kazi. Lakini mwanangu, umetengeneza la kulia. Walilokata ni la kushoto.

Nilicheka, kisha nikajiuliza. Ulikaa kando ya kitanda changu siku tatu, nimefungwa bendeji upande mzima. Ulikuwa unaangalia wapi?

Sikulaumu. Hata mimi naoga macho yakiwa darini. Daktari anasema atachukua nyama ya tumboni aipandishe kifuani, kazi ya masaa manane. Naogopa ile dawa ya usingizi. Mara ya kwanza nilihesabu hadi nne, nikazimika kama mshumaa. Na kubaki hivi naogopa pia. Nikikuuliza wewe, unanijibu kwa mbwembwe. Niambie kweli: unakataa kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?

Mama yako

22 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya, wewe ambaye hata ukipiga chafya unaandika? Unaumwa? Nitumie hata mstari mmoja. Siku zinakwisha.

Mama yako

25 Juni

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Nimechana karatasi tano.

Nilikuwa naangalia miguu yako. Siku zote tatu. Vidole vikicheza chini ya shuka, najua uko hai. Juu ya hapo sikuthubutu. Siku ile machela ilipotoka chumba cha upasuaji walikuwa wamekufunika mpaka kidevuni, midomo imekauka, nikajua tayari, nimekuwa yatima. Nikaenda kutapika. Dada alidhani nimekwenda kununua soda. Huku nawaambia wenzangu siogopi hata nyoka, kumbe mimi mwoga kama kunguru.

Kwa hiyo ile hapana ilikuwa yangu. Ukilala tena usipoamka, nitamchokoza nani? Lakini mwili ni wako. Wewe mwenyewe unataka nini?

Mwanao

29 Juni

Kitindamimba wangu,

Marahaba, baba. Umekula leo? Hofu yako imenifika. Nimeikalisha karibu na yangu, zinafanana kama mapacha.

Jana nilijifungia chumbani nikakitazama kifua changu kwenye kioo, mara ya kwanza tangu wanishone. Nikalia, nikafuta kioo, nikatazama tena. Nalitaka titi langu, mwanangu. Majirani hawamo humu. Nataka nikiinama kuokota kitu nisijihisi nimeegemea upande. Leo nimemwambia daktari ndiyo. Nyama itatoka tumboni, na tumbo hili wewe ndiye uliyelitanua, acha sasa lipate kazi ya maana.

Upasuaji ni tarehe 10. Njoo. Gauni la hospitali linafungwa mgongoni na mkono wangu haufiki huko. Nataka unifunge wewe.

Mama yako

10 Julai, kwenye benchi la hospitali

Mama,

Shikamoo, ingawa uko nyuma ya mlango huu ninaoutazama.

Asubuhi kabla sijakufunga uligeuka ukanionyesha. Nimeliona kovu, mwanzo mpaka mwisho. Sikukimbia. Ukasema, "Haya, funga basi, baridi hii." Nikafunga kamba zote nne, ya tatu mara mbili.

Umeingia saa mbili. Sasa ni saa kumi na moja na nusu, na mimi hesabu ni mbovu lakini hii naijua: masaa manane yameshapita. Dada amelala begani kwangu. Nimejaribu kumtania mfagiaji, nikaishia kumshikia ndoo.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi ana karatasi mkononi, uso wake sijui kuusoma, na mimi huwa najisifu kwa kusoma nyuso. Anauliza, ndugu wa mgonjwa ni nani. Miguu inataka kwenda upande mwingine kabisa. Nanyoosha mkono, na kalamu yangu humo humo.

Ni mimi,

Mwanao